Una siku moja tu Boston: uingie jengo lipi la kihistoria?

Ndugu watazamaji, hamjambo, na karibuni tena kutoka huku Boston. Wengi wenu mnaojiandaa kuja kuwatembelea jamaa zenu mmeniuliza ni jengo gani la kale la utawala linalostahili muda wa mgeni ambaye ana siku moja tu mjini. Wenyeji watakuambia ufuate Freedom Trail, njia ya takriban kilomita 4 iliyowekewa mstari mwekundu ardhini na kupitia vituo 16. Mimi sikushauri hivyo, kwa kuwa anayevikimbilia vituo vyote huishia kupiga picha milangoni. Chagua majengo mawili, uingie ndani na utulie.

La kwanza, bila kusita, ni Old State House, lililojengwa mwaka 1713, Massachusetts ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Ni jengo dogo la matofali lililozingirwa na maghorofa marefu, na kwa kuwa chini yake kuna mlango wa kituo cha treni, watu wengi hulipita wakiwahi kazini bila hata kulitupia jicho. Wewe simama upande wa mashariki, utazame juu. Utaona sanamu za simba na farasi mwenye pembe moja, nembo za ufalme wa Uingereza, na chini yake roshani ambayo Tamko la Uhuru lilisomewa wakazi wa Boston tarehe 18 Julai 1776. Baada ya kusomwa, wananchi waliziteremsha sanamu za awali na kuzichoma moto. Hizi za sasa ni nakala zilizowekwa mwaka 1882. Mbele ya roshani kuna duara la mawe linalokumbusha tarehe 5 Machi 1770, askari wa Uingereza walipoufyatulia risasi umati na kuua watu 5, akiwamo Crispus Attucks, mtu mwenye asili ya Kiafrika. Kuingia ndani kunalipiwa, na kwa maoni yangu fedha hiyo haipotei, hasa ukikumbuka kwamba jengo hili liliwahi kugeuzwa maduka na ofisi, likachakaa kiasi kwamba mwaka 1881 watu wa Chicago walitaka kulinunua na kulihamishia kwao. Nadhani ni aibu hiyo iliyowaamsha wenyewe wakalikarabati.

Ugumu uko kwenye jengo la pili. Faneuil Hall lilifunguliwa mwaka 1742, soko chini na ukumbi wa mikutano juu, likiwa zawadi ya Peter Faneuil, mfanyabiashara ambaye sehemu ya utajiri wake ilitokana na utumwa. Katika ukumbi huohuo Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alisimama kuupinga utumwa, na hadi leo wahamiaji huapishwa humo kuwa raia wa Marekani. Historia hiyo ni nzito, lakini kelele za maduka yanayolizunguka hunichosha upesi.

Kwa hiyo mimi huwapeleka wageni wangu Massachusetts State House, lenye kuba la dhahabu, lililokamilika mwaka 1798 kwa ramani ya Charles Bulfinch. Bunge la jimbo bado hukutana humo, kuingia ni bure, na mlangoni utakaguliwa kama uwanja wa ndege. Katika ukumbi wa wawakilishi ananing'inia samaki wa mbao, mwenye urefu wa karibu mita 1.5, kuenzi uvuvi ulioitajirisha Massachusetts. Mwaka 1933 wanafunzi wa Harvard walimwiba, akapatikana baada ya siku chache.

Kilichonishawishi zaidi, hata hivyo, kiko ng'ambo ya barabara. Ni mnara wa shaba wa Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kazi ya Augustus Saint-Gaudens iliyozinduliwa mwaka 1897, unaoonyesha askari weusi wakienda kwenye Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kila mmoja na sura yake. Askari hao walikataa kupokea mshahara kwa zaidi ya mwaka kwa sababu walipangiwa malipo pungufu kuliko wenzao weupe. Zunguka nyuma usome majina ya waliouawa, ambayo hayakuchongwa hapo hadi miaka ya 1980. Kisha vuka kilima hicho cha Beacon Hill, ambacho State House limejengwa juu yake, hadi African Meeting House, kanisa lililojengwa na Waamerika weusi mwaka 1806, ambamo mhariri wa gazeti William Lloyd Garrison na wenzake waliunda chama chao cha kupinga utumwa mwaka 1832.

Ila angalieni kalenda: State House hufunguliwa kwa wageni siku za kazi. Mwenye Jumamosi au Jumapili pekee aanze Old State House, apite Faneuil Hall, kisha apande kilimani kuuona mnara, ambao hauna mlango wa kufungwa. Na vaeni viatu vya kutembelea, maana njia za matofali za Beacon Hill zimejaa mabonde na nundu.