Wauaji tunao humu humu

Habari zenu wapendwa, karibuni tena kwenye chaneli, leo niko Friedrichstraße hapa Berlin, na hili jengo nyuma yangu linaitwa Admiralspalast. Humu ndani, tarehe 15 Oktoba 1946, ndo ilionyeshwa filamu ya kwanza ya Wajerumani baada ya vita, Die Mörder sind unter uns, yaani wauaji tunao humu humu. Na usiku huo huo kule Nuremberg, walikohukumiwa wakubwa wa Wanazi, mmoja wao, Göring, akanywa sumu akikwepa kitanzi. Yaani kesi bado ya moto na watu wamekaa kwenye viti wanaangalia dhambi ya kwao wenyewe.

Wolfgang Staudte, aliyeiandika na kuiongoza, alizunguka kwa wakubwa wa majeshi ya Magharibi yaliyokuwa yanaitawala Ujerumani kuomba kibali wakamkatalia, Wasovieti ndo wakamruhusu. Na vile vifusi mtakavyoviona sio vya kuchonga jamani, mji ndo ulikuwa hivyo.

Sasa sikilizeni. Susanne, dada katoka kambi ya mateso, anarudi kwenye fleti yake anamkuta humo Daktari Mertens, mwanajeshi wa zamani, mlevi, damu hawezi hata kuiona. Madirisha hayana vioo, wameziba kwa zile picha za eksirei, mifupa ya watu inaning'inia pale mwanga unapita. Mimi pale nilisimamisha video nikaiangalia weee.

Halafu Mertens anagundua kapteni wake wa vitani, Brückner, yuko hai, tena kanona, ana kiwanda, anachukua zile kofia za chuma za wanajeshi anazigeuza sufuria! Ana mke, watoto, mcheshi, mkarimu. Kuna sehemu anakula mkate wake wa asubuhi taratibu, na gazeti liko hapo hapo na habari ya watu waliouawa kwa gesi kwenye kambi ya Auschwitz, na yeye anatafuna tu.

Mtu huyu mkesha wa Krismasi 1942, kule Poland, aliamuru mateka wapigwe risasi. Ripoti inasomwa: wanaume 36, wanawake 54, watoto 31, risasi zilizotumika 347. Watoto na risasi kwenye karatasi moja, hesabu moja, kama stoo inavyohesabu magunia. Na Mertens alimwendea akamwomba asifanye, akakataliwa, akanyamaza.

Hapo ndo pananiuma mimi. Aliyeomba watu wasiuawe ndo hapati usingizi usiku, anakunywa, anaona hafai kuishi, na aliyetoa amri anagawa zawadi za Krismasi kwa wafanyakazi. Na mimi naona hatia ya Mertens ni ya kweli, sio ugonjwa wa kichwa tu, alikuwepo pale na bunduki zilikuwa za kikosi chao.

Mwanzo Staudte aliandika Mertens amuue Brückner, ila Wasovieti wakamwambia hapana, mji mzima umejaa watu wenye visasi, kila mtu si atatoka na bastola yake. Basi Susanne anawahi kumshika Mertens, anamwambia hatuna haki ya kuhukumu, na Mertens anajibu sawa, ila kushtaki ni lazima. Nimekubaliana nao kabisa. Staudte mwenyewe mwaka 1940 aliigiza kwenye filamu ya kuwachafua Wayahudi, kwa hiyo hakuwa anawaandika watu wa mbali.

Mwisho wake Brückner yuko nyuma ya nondo, anapiga kelele sina hatia, sina hatia, na macho yake yanaonyesha anaamini kabisa anachosema.