Moto Ule Ule

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Mbaraka, na leo tunazungumzia bendera inayowaka. Kaka, anza na kisa cha Dallas.

MBARAKA: Agosti 1984. Chama cha Republican kimekutana Dallas, jimboni Texas, kumpitisha Ronald Reagan agombee muhula wa pili. Nje, waandamanaji wanapita mitaani wakipinga sera zake. Mmoja anachomoa bendera ya Marekani kwenye mlingoti wa jengo, anamkabidhi mwenzake, Gregory Lee Johnson. Wakafika mbele ya ukumbi wa jiji. Johnson akaikunjua, akaimwagia mafuta ya taa, akaiwasha.

ZUHURA: Kuna aliyeumia?

MBARAKA: Hakuna. Walioshuhudia walichukizwa mno, lakini hakuna aliyeguswa. Na kuna jambo moja limenikaa rohoni. Waandamanaji walipotawanyika, mtu mmoja aliyeona yote yale alizoa mabaki ya bendera, akaenda kuyazika uani kwake.

ZUHURA: Kama anazika maiti.

MBARAKA: Maiti ya mtu wake kabisa. Hakumrushia Johnson ngumi. Alimjibu kwa kuzika.

ZUHURA: Texas nayo ikajibu kwa jela: mwaka 1, na faini ya dola 2,000. Na angalia shitaka lenyewe. Bendera ile haikuwa ya Johnson, ilitoka kwenye mlingoti wa watu, lakini hakushitakiwa kwa wizi. Alishitakiwa kwa kunajisi kitu kinachoheshimiwa. Hapo ndipo mimi nakataa kata kata. Kanuni za bendera za Marekani zenyewe zinasema bendera ikichakaa hata isifae kupeperushwa, iteketezwe kwa heshima, na ikiwezekana ichomwe moto. Maveterani huzichoma katika hafla rasmi, wamesimama wima, wamepiga saluti. Kitambaa ni kile kile na moto ni ule ule. Tofauti iko kwenye anachosema mchomaji. Sasa Johnson alihukumiwa kwa lipi kama si kwa maoni yake?

MBARAKA: Jaji William Brennan aliona hivyo hivyo. Juni 1989 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 5 dhidi ya 4: serikali haiwezi kuzuia wazo kwa sababu tu jamii inaona wazo hilo linachukiza. Jaji Antonin Scalia, mhafidhina asiyeyumba, alikuwa upande wa Brennan. Anthony Kennedy pia, na aliandika kwa uchungu kwamba wakati mwingine majaji hulazimika kutoa maamuzi wasiyoyapenda, na kwamba bendera inamlinda hata yule anayeidharau.

ZUHURA: Lakini tusiwapite haraka wale 4. Jaji Mkuu William Rehnquist alieleza vita ambavyo watu walipigana na kufa chini ya bendera hiyo. Kwake, kuichoma hakukuwa hoja, kulikuwa kama mngurumo tu, na Johnson alikuwa na njia nyingine tele za kusema. Mama aliyepokea jeneza la mwanawe limefunikwa bendera ile, mimi siwezi kumwambia ni kitambaa tu.

MBARAKA: Wala tusimwambie, dada. Si kitambaa tu. Ndiyo maana kuichoma kunasema kitu! Ingekuwa haina maana yoyote, Johnson asingehangaika nayo.

ZUHURA: Haya, kikomo kiko wapi? Maana si kila moto ni maoni.

MBARAKA: Mwaka 1968 mahakama hiyo hiyo ilikubali kijana aadhibiwe kwa kuchoma kadi yake ya uandikishaji jeshini, kwa sababu kadi ile ilikuwa na kazi: serikali iliihitaji kuendesha uandikishaji wenyewe. Bendera iliyochomwa haisimamishi shughuli yoyote ya serikali.

ZUHURA: Halafu kuna msalaba unaowaka, alama ya kuwatisha Weusi kule Marekani. Mwaka 2003, katika kesi za Virginia, mahakama ilisema jimbo linaweza kuadhibu anayechoma msalaba kwa nia ya kutisha watu. Moja ya kesi zile ilihusu msalaba uliopelekwa kwenye uwanja wa nyumba ya jirani Mweusi. Hebu fungua pazia usiku uone hilo, watoto wamelala ndani. Mbele ya nyumba ile, moto unamtafuta mtu. Pale Dallas ulilenga sera za serikali.

MBARAKA: Na bado wanasiasa hawakuridhika. Bunge lilitunga sheria mpya mwaka huo huo wa 1989; mwaka 1990 mahakama ikaifuta, tena 5 kwa 4. Mwaka 2006 pendekezo la kubadili Katiba lilikwama kwenye Seneti kwa upungufu wa kura 1. Agosti 2025 Rais Donald Trump akasaini amri ya kuwafuatilia wachomaji bendera.

ZUHURA: Amri ya rais haifuti hukumu ya mahakama. Aliyeiba bendera ashitakiwe kwa wizi, aliyehatarisha jengo ashitakiwe kwa moto. Sheria hizo zipo siku zote, na hazimuulizi mtu anamchukia nani.

MBARAKA: Na aliyechoma ya kwake, mahali pa wazi, bila kumtisha mtu?

ZUHURA: Aende nyumbani. Na anayeumia azoe majivu, ayazike.