Mama kapona sukari? Kumbe tumepima damu ya watu

Shikamooni wakubwa zangu, mambo vipi wenzangu. Leo sipo Birmingham. Mnasikia hayo makelele? Hiyo ni bajaji, na huyo anayegonganisha vikombe ni muuza kahawa. Nipo nyumbani, Mtoni kwa Azizi Ali, kibarazani kwa mama. Umeme umekatika tangu saa nane na joto la Desemba mnalijua, kwa hiyo mkiona uso unang'aa msidhani nimepaka kitu. Ni jasho.

Mnaouliza mambo ya viza, video yake inakuja, nimeshasema. Leo nina jambo la mama yangu. Kaniruhusu mwenyewe, sharti lake moja tu: "Waambie, ila usinipige picha na kanga hii."

Kwa wageni wa chaneli: mimi nafanya kazi maabara ya hospitali, idara ya biokemia. Siyo daktari, dawa siandiki, msinitumie vyeti vyenu inboksi. Kazi yangu damu inaingia kwenye kichupa, inatoka namba. Ndiyo maana hili la mama limeniuma, maana namba ndiyo iliyotudanganya, na mimi namba ndiyo ugali wangu.

Mwezi wa kumi na moja mama akanitumia sauti WhatsApp. Nyuma yake nasikia shangazi anapiga vigelegele. "Mwanangu, Mungu mkubwa, sukari imeondoka! Kile kipimo cha miezi mitatu kimekuja sita nukta moja. Na dawa wamenipunguzia." Mimi niko koridoni kazini, na koti la maabara, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mwezi wa tano alikuwa na asilimia 8.2. Kutoka 8.2 mpaka 6.1 siyo mchezo. Nikamwambia mama hongera, hiyo mihogo ya kuchemsha imekulipa.

Nimetua wiki iliyopita. Asubuhi ya kwanza namkuta mama kakaa hapa hapa kwenye mkeka, sinia la maembe dodo pembeni, anamenyea wajukuu. Akafuta mkono kwenye kanga, akachukua kimashine chake, akajichoma kidole. Milimoli 15.8 kwa lita. Akaniangalia. Nami nikamwangalia.

Nikamwambia mama, nenda kanawe na sabuni, ukaushe vizuri, tupime kidole kingine. Kwa sababu maji ya embe ni sukari tupu, na kale katone ka damu ni kadogo mno. Utando wa embe kwenye ngozi ukichanganyika na tone, mashine haijui ipi ya damu ipi ya dodo, inahesabu zote. Na kufuta kwenye kanga hakusaidii, hata spiriti ya harakaharaka haitoshi, ni sabuni na maji. Akarudi. 10.4. Hajala kitu tangu usiku.

Kwa hiyo embe lilichangia, lakini halikuwa kesi yote. Kesho yake 10.9. Keshokutwa 10.1. Mtu mwenye asilimia 6.1 kwenye kile kipimo kikubwa, wastani wa sukari yake unatakiwa uwe kwenye saba hivi. Asilimia 8 ndiyo inayolingana na wastani wa 10.2. Hapo nikaacha kucheka. Mashahidi wawili, kidole na maabara, kila mmoja na lake, na mama ameshapunguziwa dawa kwa kumwamini mmoja.

Ngoja niwaeleze hiki kipimo kinavyofanya kazi, maana wengi mnapimwa na hamjaambiwa. Kinaitwa HbA1c. Chembe nyekundu ya damu inazaliwa kwenye uboho, inazunguka mwilini siku kama 120, inazeeka, inaondolewa. Ndani imejaa himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Sasa sukari ya kwenye damu ikigusana na himoglobini, nyingine inanata, na ikishanata ndiyo basi, inakaa mpaka chembe ife. Hakuna kimeng'enya kinachoitengeneza, ni kunata tu. Ni kama nguo na jikoni. Ukipita mara moja kwa mama anayekaanga maandazi, nguo haishiki kitu. Ukikaa hapo kutwa, ukipanda daladala watu wote wanajua umetoka wapi. Sisi maabara tunanusa nguo. Tunauliza: katika himoglobini yote ya huyu mtu, asilimia ngapi inanukia?

Na kinanusa vizuri, msinielewe vibaya. Mwaka 1993 yalitoka majibu ya utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliodhibitiwa kwa ukali wakakaa kwenye 7 hivi, wenzao kwenye 9. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, uharibifu wa macho ulipungua kwa robo tatu. Tangu hapo dunia nzima ikakishika. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likakubali kitumike hata kugundua ugonjwa, kuanzia asilimia 6.5. Lakini likaweka sharti: asiwe na hali inayovuruga usomaji wake. Sharti hilo ndilo watu wanaloruka.

Hali gani? Mimi nilianza na kaka yangu.

Sijawahi kumzungumzia humu. Alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa kurithi unaopindisha chembe nyekundu za damu, akafariki 1994 ana miaka saba. Mtoto wa selimundu amechukua jeni moja kwa baba na nyingine kwa mama, kwa hiyo mama anayo moja, hatuhitaji kumpima kujua. Nikasema nimemkamata mchawi. Maana himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa kitu kidogo kabisa. Chukua tasbihi: himoglobini imeundwa kwa minyororo, na mmoja wapo, unaoitwa beta, una punje 146. Punje ya sita tu ndiyo iliyobadilishwa, aligundua mwanasayansi Vernon Ingram miaka ya 1950 pale Cambridge. Na sukari tunayoipima inanata wapi? Punje ya kwanza. Majirani! Kuna mashine zinazotumia kingamwili kuitambua ile ncha ya mwanzo ya mnyororo, na kama kingamwili chake kinashika mpaka karibu na punje ya sita, kwa mtu kama mama kinaweza kusoma ovyo. Mashine yetu Birmingham inatenganisha himoglobini zinatokea kama vilima kwenye skrini, na kilima cha selimundu kinasimama peke yake, unakiona kwa macho. Si kila maabara ina hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka nacheka. Aliyeipa dunia habari kwamba wagonjwa wa kisukari wana himoglobini ya tofauti ni Samuel Rahbar, Tehran, 1968, na hakuwa anatafuta kisukari. Alikuwa anachunguza damu za wagonjwa hospitalini kutafuta himoglobini zenye kasoro, ndugu zake hii yetu ya selimundu. Akaona mstari ambao haukutakiwa kuwepo. Kumbe wote wenye huo mstari wana sukari.

Basi mimi na bando langu, usiku, nikaanza kusoma. Kuna utafiti ulitoka 2017, Wamarekani weusi 4,620. Wenye jeni moja ya selimundu walisomeka chini kuliko wenzao wenye sukari ileile. Ehee! Chini kiasi gani? Pointi 0.3. Nikaishiwa nguvu. Mimi natafuta pointi mbili zilizopotea, napewa 0.3. Hiyo inatosha kumkosesha mtu aliye ukingoni, wa 6.4 aambiwe hana kisukari. Haitoshi kumshusha mama yangu kutoka nane mpaka sita.

Na ngoja niseme hili la kaka nimalize, maana nimeshaligusa. Mwaka 1948 daktari wa watoto Marekani, Janet Watson, aliona vichanga wenye selimundu chembe zao hazipindi sana, akasema itakuwa ni ile himoglobini ya kitoto wanayozaliwa nayo ndiyo inawakinga. Ikachukua miaka karibu hamsini kupata dawa inayoirudisha kwa mtu mzima. Haidroksiyurea. Majibu ya utafiti kwamba inapunguza vipindi vya maumivu karibu nusu yalitoka 1995. Mwaka mmoja baada ya kumzika. Na ule ulikuwa kwa watu wazima. Majibu ya watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda yamekuja 2019. Leo hapo Muhimbili wapo watafiti wetu wenyewe, Profesa Julie Makani na wenzake, tangu 2004 wanafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu. Mama nikimtajia hayo hasemi kitu. Anaendelea kumenya.

Sasa. Juzi jioni namsaidia mama kunyoosha mguu. Nikaliona kovu. Refu, kutoka goti kwenda juu, bado lina rangi ya waridi. Nikajipiga kofi usoni, mjomba akadhani mbu.

Ajali! Mwezi wa tisa mama aligongwa na bodaboda hapo barabarani, akavunjika paja, akafanyiwa upasuaji. Hayo nilikuwa nayajua, nilituma hela. Nisichojua ni hiki. Nikauliza: "Mama, uliongezewa damu?" Akanijibu kama namuuliza kama alipewa uji. "Chupa tatu."

Chupa tatu, jamani! Rudini kwenye nguo. Mama kapoteza nguo zake nyingi barabarani na kwenye meza ya upasuaji, zilizokuwa zinanukia jikoni kwake. Akaingiziwa za watu wengine, waliokaa jikoni kwao ambako hakukaangwi maandazi. Juu ya hapo, uboho ukaona damu imepungua, ukashona nguo mpya haraka haraka, ambazo hazijapata muda wa kukaa jikoni. Miezi miwili baadaye anakwenda kliniki, wanatoa damu, kichupa chenye kifuniko cha zambarau, mashine inanusa mchanganyiko wote. Inasema 6.1. Na mashine haikukosea! Ilinusa kilichokuwepo. Hakuna aliyeuliza nguo ni za nani.

Mjomba aliposikia akavimba kichwa. "Kwa hiyo hiyo sukari nzuri ni yangu mimi! Mimi nilitoa damu!" Mjomba, samahani, damu ya ndugu inakwenda benki kurudishia, alizopewa mama huenda ni za watu hatuwajui kabisa. Hataki kusikia. Ameshatangaza mpaka kwa muuza kahawa.

Kliniki siitaji, na mnaotaka kuanza kutukana kwenye komenti muache. Yule dada wa kliniki ana foleni mpaka nje getini, kaletewa karatasi ina namba nzuri, kafurahi na mgonjwa wake. Ila swali lilikuwa moja, la sekunde tano. Na mimi ninayejiita mtaalamu nilipiga hongera kwenye WhatsApp bila kuliuliza, na ajali nilikuwa naijua.

Jana tumerudi. Daktari, kijana mdogo hivi, akasikiliza, akachukua daftari la mama la vidole, akasoma zote, akasema hiki kipimo cha Novemba tukifute akilini. Dawa akairudisha kama zamani. Mama atapima kidole asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula, mikono imenawiwa, na HbA1c isirudiwe mpaka chembe za wageni ziishe, miezi mitatu au minne tangu siku ya kuongezewa. Kuna kipimo kingine, frukitosamini, kinaangalia sukari iliyonata kwenye protini za majimaji ya damu, chenyewe kinaona wiki mbili tatu tu na hakijali umri wa chembe nyekundu. Akasema vidole vinatosha kwa sasa, na mimi nikaona ana haki.

Kama umeongezewa damu karibuni, au umetoka damu nyingi, au una selimundu yenyewe, au damu yako inavunjika ukila dawa fulani, mwambie anayekupima kabla hajakuchoma. Upungufu wa madini ya chuma nao unavuruga, ila wenyewe unapandisha. Na dawa usiache wala kuongeza kwa sababu ya hii video, nitakukana mahakamani.

Tumefika nyumbani, mama akaomba kalamu ya wino mzito. Kachukua kadi yake ya kliniki, akaandika juu ya jalada kwa herufi kubwa, zinapanda mlima: NILIONGEZEWA DAMU CHUPA TATU MWEZI WA TISA. ULIZA KWANZA. Hii hapa, mnaiona? Ngoja niisogeze.

Na hapo chini, kwa mwandiko mwingine kabisa, mtu kaongezea: Mchangiaji, mjomba.