Muulize Atakufanyisha Nini

Asanteni sana. Wazee wangu, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpata mtaalamu anayefaa kwa mtu mwenye OCD, ule ugonjwa wa akili wa mawazo yanayojirudia na matendo ambayo mtu anajikuta analazimika kuyafanya. Dalili za ugonjwa sitazirudia, maana wengi mliokaa hapa mnaishi nao nyumbani, au mnao wenyewe. Mnalijua lile wazo linaloingia bila hodi, hofu inayopanda, na lile tendo linaloituliza kwa dakika chache. Naingia moja kwa moja kwenye jambo ambalo nalisema kila ninapopewa kipaza sauti, na leo nalisema tena kwa sababu watu wanaendelea kupoteza miaka.

Ukikaa mbele ya mtaalamu, usianze na vyeti vilivyotundikwa ukutani. Muulize hivi: "Kikao cha 4 utanifanyisha nini?" Halafu nyamaza, usikilize.

Akijibu, "Tutazungumza, utatoa yaliyo moyoni, nami nitakutia moyo," mshukuru, mlipe chake, katafute mwingine. Akijibu, "Tutakuwa tumeshaandika vitu unavyoviogopa na kuvipa alama, na siku hiyo tutakishika kimoja na hutanawa," kaa hapo hapo.

Kwa nini nalishikilia swali hili moja? Chukulieni kijana wa Sinza anayeogopa gesi. Anatoka asubuhi kwenda kazini, anafika kituo cha daladala, wazo linakuja: sikufunga mtungi. Anarudi, anaangalia, umefungwa, moyo unatulia. Akifika kituoni wazo limerudi. Kesho yake anapata akili ya kupiga picha ile koki kwa simu. Picha inamsaidia siku tatu, ya nne anaanza kujiuliza kama picha ni ya leo au ya jana. Basi anampigia dada yake aliyebaki nyumbani: "Dada, hebu niangalizie." Dada anaangalia. Baada ya wiki mbili anampigia dada mara nane kwa siku, na dada naye amechoka. Ndipo anapopelekwa kwa mshauri.

Mshauri ana moyo mzuri. Anamweleza mtungi unavyofanya kazi, anamwambia asijali, gesi yake iko salama. Kijana anatoka mwepesi kabisa. Akifika Mwenge swali limeshabadilika sura: "Lakini sikumwambia kwamba mpira wangu ni wa zamani." Anampigia. Mshauri anajibu tena, kwa upole ule ule. Hapo mshauri ameshakuwa koki nyingine ya kukaguliwa. Kijana alikuwa na mtungi, picha na dada, sasa ana na mshauri, tena huyu wa mwisho analipwa.

Hapa ndipo pa kuelewa: nafuu ile ndiyo inayoulisha ugonjwa. Kila akikagua na hofu ikashuka, ubongo unajifunza kwamba alipona kwa sababu alikagua. Kesho utadai ukaguzi tena, na kwa sauti kubwa zaidi. Mtaalamu anayekutuliza kila wiki anaulisha ugonjwa kwa nia njema.

Tiba yenyewe inajulikana tangu mwaka 1966, mwanasaikolojia Victor Meyer alipoieleza kutokana na wagonjwa aliowatibu hospitalini London. Kwa kifupi huitwa ERP, maana yake kukabili kinachokutisha huku ukijizuia kufanya lile tendo. Kwa kijana wetu inakwenda hivi. Kikao cha kwanza na cha pili ni vya kupima. Mtaalamu anatumia kipimo cha Y-BOCS, maswali 10, jumla ya alama 40. Kuanzia 16 hadi 23 ugonjwa ni wa wastani, kuanzia 24 ni mkali. Halafu wanajenga ngazi pamoja, kijana akiipa kila hatua alama ya hofu kutoka 0 hadi 100. Kufunga koki mara moja na kutoka bila kupiga picha: 40. Kufuta picha zote za zamani kwenye simu: 55. Kuchemsha chai dakika tano kabla ya kutoka, kisha kwenda hadi kituoni bila kumpigia dada: 70. Kupika, kufunga na kushinda Kigamboni siku nzima, nyumba haina mtu: 90.

Koki inafungwa, jamani. Inafungwa mara moja, kama unavyofunga wewe. Hakuna mtaalamu wa kweli atakayekwambia uache gesi wazi, na akikwambia hivyo, kimbia. Anachoachishwa kijana ni ule ukaguzi wa pili, wa tatu na wa kumi.

Na akiwa kituoni hofu imempanda, mtaalamu hamwambii, "Umefunga, nilikuona." Anamfundisha kusema, "Huenda nimefunga, huenda sikufunga, na leo sirudi kuangalia." Sentensi hiyo ina uchungu kwa mgonjwa, nalijua hilo. Lakini OCD inadai uhakika wa asilimia 100, na hakuna binadamu aliyewahi kuupata, wala kwa gesi wala kwa kitu kingine.

Inaharibikia wapi? Mara nyingi kwenye vitu vidogo visivyoonekana. Mgonjwa anasimama kituoni bila kurudi, lakini moyoni anairudia ile picha ya mkono ukifunga koki. Huko nako ni kukagua, na mtaalamu asiyeuliza yanayoendelea kichwani hatakujua. Mwingine anashika kitasa cha choo ofisini kwa mtaalamu, anavumilia dakika 40, akifika nyumbani anaoga kwa saa mbili kufidia. Hofu si lazima iishe ndani ya kikao. Kinachobomoa kazi ni huko kufidia. Kwa hiyo muulize pia atakupa kazi gani ya kufanya kila siku nyumbani. Kikao cha saa moja kwa wiki bila mazoezi ya nyumbani hakitoshi. Wengi huhitaji vikao 12 hadi 20, na vikao vya kukabili mara nyingi huchukua dakika 60 hadi 90.

Kuna atakayesema, "Lakini huo si ukatili?" Swali zuri. Ukatili ni kumlazimisha mtu. Mtaalamu mzuri anashika kile kitasa mwenyewe kwanza, mbele yako, anasubiri ukubali, na haanzi na 90. Akikushika mkono kwa nguvu, ondoka. Lakini kukuona unateseka kidogo kwa hiari yako, na asikimbilie kukutuliza, hiyo ndiyo kazi unayomlipa.

Mwingine ananiuliza kila mara kuhusu dini, na hapa Dar siwezi kuliruka. Waswasi wa udhu mnaujua: mtu anatawadha hadi swala inapita, anarudia nia, anarudia takbira. Mafundisho yenyewe yamemwekea mpaka: viungo huoshwa mara 3, basi, na wanazuoni wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtaalamu anayefaa hatakwambia uswali bila udhu. Atakuomba mwende kwa shehe wako mara moja, mkubaliane kipi kinatosha, na baada ya hapo humpigii shehe tena kuuliza lile lile. Anayeungama dhambi ile ile kila siku kwa padri au mchungaji, utaratibu ni huo huo. Mtaalamu akiidharau imani yako, hakufai. Na kiongozi wa dini anayekuongezea visomo kila shaka inapokuja anafanya kama yule mshauri wa gesi.

Sasa hili nalisema taratibu. Mama amejifungua, anashika kisu cha kukatia vitunguu, wazo linampitia kwamba atamchoma mtoto. Anatetemeka, anaficha visu vyote, anakataa kubaki peke yake na mtoto. Akimwangukia mtu asiyeijua OCD, ataambiwa ni hatari, mtoto apelekwe kwa bibi, au ataambiwa ana jini. Mama huyo analichukia wazo lile kuliko kitu chochote, ndiyo maana linamtesa. Anayeijua OCD atamuuliza: linakuchukiza? Unasikia sauti za watu wasioonekana? Unaamini kuna anayekuamuru? Umewahi kutamani kufanya hivyo? Akikuta sauti, imani ngeni au hamu ya kudhuru, huo ni ugonjwa mwingine na ni dharura, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipokuta, hamtenganishi na mtoto. Kwa hiyo swali lako la pili kwa mtaalamu: "Mtu akikwambia ana mawazo ya kumdhuru mwanawe, unafanya nini kwanza?" Akishtuka, umepata jibu.

Dakika zimekwenda, nipite haraka. Atakayekufundisha kufukuza mawazo, kwa kupiga kelele moyoni au kuvuta mpira wa raba mkononi, mwache. Jaribuni sasa hivi kutomfikiria kenge. Mazoezi ya kupumua pekee si tiba ya OCD. Kuchimba utoto miezi sita pia si tiba yake.

Dawa: anayeandika ni daktari, na kwa OCD ni vyema awe bingwa wa magonjwa ya akili; anayekupeleka kwenye zile ngazi mara nyingi ni mwanasaikolojia tiba. Ukiwapata wawili wanaozungumza, umepata. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na unaweza kuanzia Amana, Temeke au Mwananyamala ukaomba rufaa. Dawa zenye msaada ni kama fluoxetine, sertraline na clomipramine. Kwa OCD dozi mara nyingi hupanda kuliko ile ya sonona: sertraline hadi miligramu 200, fluoxetine mara nyingi 40 hadi 60, na hungojewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema imeshindwa. Wengi hutumia fluoxetine miligramu 20 kwa wiki tatu, wanaacha, wanasema haifanyi kazi. Amitriptyline si mbadala wa clomipramine, ingawa ni jamaa. Diazepam, dawa ya kutuliza, haitibu OCD, na inaweza kugeuka kitu kingine cha kukimbilia. Kijana chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo, hasa akianza kusema amechoka na maisha. Na usiache dawa ghafla.

Bei iulize kabla ya kukaa, na useme mapema unaweza kulipa vikao vingapi. Mtaalamu mwaminifu atapanga kazi iingie humo.

La mwisho, alama. Mwombe arudie ule upimaji wa Y-BOCS kila baada ya vikao vinne au vitano, na mwandike. Ulianza na 28, ukishuka hadi 18 mnakwenda vizuri. Ukifika kikao cha 15 bado uko 27 na mazoezi umefanya kweli, mwambie wazi mbadilishe kitu: ngazi, dawa, au mtaalamu mwenyewe, na mzuri atakusaidia kumpata mwingine.

Nimeonyeshwa saa. Watoto sikuwagusa, wala familia zinazokagua kwa niaba ya mgonjwa. Mwenye mtoto mgonjwa nyumbani asiondoke, nitakuwa pale mlangoni.