Sydney, 1790: Mwaka wa Kusubiri Meli

Ndugu wasikilizaji, ukisikia "koloni la walowezi" usikimbilie kuwaza mashamba. Mwaka 1790 watu wa Sydney, koloni la Uingereza kule Australia, waliishi kwa posho ya ghala la serikali, na ghala lilijazwa na meli.

Walikuwa wametia nanga Januari 1788, meli 11, watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wafungwa. Mbegu nyingi ziliharibikia njiani, udongo wa ufukweni ulikuwa wa kichanga, miti ilikuwa migumu kwa shoka hafifu walizopewa, na wakulima wenyewe walikuwa wa kuhesabu. Kundi lao dogo la ng'ombe lilipotelea porini. Lilionekana tena 1795, likiwa limezaana vizuri bila msaada wa mtu!

Desemba 1789 meli ya Guardian, iliyowaletea chakula, iligonga siwa barafu. Machi 19, 1790, meli yao Sirius ikavunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Norfolk. Ikabaki Supply, chombo kidogo, nayo mwezi Aprili ikatumwa Batavia (Jakarta ya leo) kununua chakula.

Posho ya wiki ikashuka: ratili 2 na nusu (ratili ni kama nusu kilo) za unga, 2 za nguruwe wa chumvi, 2 za mchele, kwa gavana Phillip sawasawa na mfungwa. Mchele ulijaa wadudu. Nyama ilikuwa na miaka mitatu hadi minne kwenye chumvi. Ukiichemsha inanywea nusu nzima. Kwa hiyo waliichoma kwenye uma, kipande cha siku, huku mafuta yakidondokea juu ya mkate au sahani ya wali. Kazi za umma zikapunguzwa, maana watu hawakuwa na nguvu.

Wenyeji, Waeora, walikuwa wamepukutishwa na ndui mwaka uliotangulia, na sasa nyavu za wageni zilikuwa zinawanyang'anya samaki.

Mwezi Juni meli zikafika, na balaa lake: takriban robo ya wafungwa wa msafara huo, wa pili kutoka Uingereza, walifia baharini. Makandarasi walilipwa kwa kila kichwa kilichopandishwa melini, si kilichoshuka hai.

Kilimo kilianza kueleweka Rose Hill, bara kidogo, kwa James Ruse, mfungwa aliyemaliza kifungo. Alichoma magogo, akachimbia majivu ardhini, akapindua madongoa ili majani yaozee chini, akaliacha shamba lipigwe na hewa, kisha akalima tena kabla ya kupanda. Mashamba ya serikali yalikuwa yakiparuliwa juu juu tu.