Shotgani ya nyumbani: nawajibu mara moja, msiniulize tena

Haya, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Leo sipiki wala siwapeleki dukani. Tangu niweke ile video ya kupanga stoo, sefu ikaonekana nyuma yangu, swali ni hilohilo kila siku: dada, hiyo ni bunduki? Umeipataje? Na mimi ninunue ipi? Ndiyo, ni shotgani, bunduki ndefu inayorusha gololi nyingi kwa mpigo mmoja. Wengine hamkuuliza, mmeshahukumu. Kuna aliyeandika kwamba nina dola elfu moja ya silaha lakini kwenye harusi ya binamu nilichanga laki moja ya shilingi. Ni kweli nilichanga laki moja. Na kodi ya mama nailipa mimi kila mwezi, ila hiyo haionekani kwenye kamera. Tuendelee.

Mume wangu anaendesha malori ya masafa marefu. Mimi niko nje kidogo ya Houston na watoto wawili, na gari la polisi likiitwa halifiki haraka. Sisemi Texas watu wanauana kila kona, wala sijaja kulialia. Nimesema tu kwa nini nilinunua. Wewe mazingira yako unayajua mwenyewe.

Watu wanadhani Marekani unaingia dukani na hela unatoka na bunduki. Texas haikuombi kibali cha kununua, hilo kweli. Lakini dukani kuna fomu, inaitwa 4473, ya serikali ya shirikisho, na unaijaza kwa mkono wako. Mwenye grini kadi anaruhusiwa. Anaandika nchi yake ya uraia na namba yake ya uhamiaji. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, amekatazwa, isipokuwa ana kibali cha uwindaji au yumo kwenye misamaha michache iliyotajwa. Usijifanye mjanja ukaweka tiki kwamba wewe ni raia wa Marekani. Kudai uraia ambao huna kunaweza kukufukuzisha nchi. Na bangi inaulizwa hata kama jimbo lako limeihalalisha.

Halafu leseni yangu ya udereva ilikuwa na anuani ya nyumba tuliyohama. Nikawapa bili ya umeme, wakaikataa. Wanataka karatasi iliyotolewa na serikali, kwa hiyo nikarudi na usajili wa gari. Ndipo likaja suala la majina. Sisi Watanzania tuna majina matatu, leseni imebeba mawili, grini kadi imeyaunganisha inavyojua yenyewe. Duka likatuma taarifa zangu FBI wakague kama naruhusiwa kununua, jibu likarudi: subiri. Sheria inasema zikipita siku 3 za kazi bila jibu duka linaweza kukukabidhi. Linaweza, siyo lazima. Duka langu lilisema halimpi mtu mpaka jibu lije, na hela yangu walikuwa wameshaishika. Muuzaji akawa anaongea na mimi polepole kwa sauti ya juu, kama vile lafudhi ni ugonjwa wa masikio. Nikaja kujua FBI wana namba wanaita UPIN, unaiomba kama jina lako linakwama kila ukinunua. Mwenye majina kama yangu aiombe.

Na hapohapo niseme hili, maana limenikaa moyoni. Nina ndugu yupo huku kwa viza ya masomo. Akanipigia: dada, ninunulie moja kwa jina lako, hela nakurudishia. Nikakataa. Familia nzima ikaambiwa nimejiona, nimekuwa Mzungu. Jamani, fomu inauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kumnunulia mtu asiyeruhusiwa ni jinai, kifungo kinafika miaka 15. Watoto wangu utawalea wewe?

Sasa bunduki yenyewe. Nilitaka inayojipakia risasi inayofuata yenyewe, siyo ya kuvuta kwa mkono kila ukishapiga. Ile ya kuvuta ni rahisi, Mossberg Maverick 88 unaipata kwa dola mia mbili na kitu, na ni imara. Tatizo ukiwa na hofu huivuti mpaka mwisho, inakwama. Na mambo ya kwamba mwizi akisikia mlio wa kuvuta atakimbia, mimi siwezi kulaza watoto wangu juu ya mlio.

Zinazojipakia ziko za namna mbili. Kama Benelli M2 inategemea bunduki yenyewe kurudi nyuma ukipiga. Ni nyepesi na haichafuki sana, lakini bega linapokea kipigo. Nyingine zinatumia gesi ya risasi kusukuma pistoni, kipigo kinapungua. Humo ndimo ilimo Benelli M4, ambayo kikosi cha Marine cha Marekani kiliichukua mwaka 1999 kwa jina la M1014. Bei yake ni dola elfu mbili na zaidi. Nzuri, ila siyo kwa mshahara wa kuangalia wazee usiku. Beretta 1301 nayo niliishika, nikaiona bei, nikairudisha taratibu.

Nikachukua Mossberg 940 Pro Tactical, geji 12 (huo ni ukubwa wa mtutu), kwenye dola elfu moja hivi. Sababu yangu ni kitako, kile kipande cha nyuma kinachokaa begani. Urefu wake unarekebishwa kutoka inchi 12.5 hadi 14.25. Mikono yangu ni mifupi. Kitako kirefu kinanilazimisha kuegemea nyuma, na ukiegemea nyuma bunduki inakusukuma ukutani. Kina dada, iwekeni begani kwanza kabla ya kusikiliza wanaume wa YouTube.

Risasi ni gharama nyingine. Za nyumbani ni zile za gololi kubwa, kila moja ina gololi 8 au 9, na zinapenya kuta za jipsamu za huku bila shida. Kwa hiyo nimejua chumba cha watoto kiko upande gani, na upande huo sipigi. Aina utakayoiweka ndani uijaribu kwanza uwanjani, maana nyingine dhaifu hazitoshi kuifanya ijipakie. Bado hujalipia mwalimu, taa, na sefu, na Texas ukiacha bunduki mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia unaweza kushitakiwa wewe.

Hayo ni yangu. Bega lako siyo bega langu.

Na nyie wa nyumbani wa "niwekee moja kwenye kontena": kuitoa huku kunahitaji leseni ya Marekani, na kuiingiza Tanzania kunahitaji kibali chini ya sheria ya silaha ya 2015. Kontena langu lina magodoro na friji ya shangazi, basi.