Nani Atabaki na Tuta? Wahandisi wa Jeshi na Ujenzi wa Misaada Ugenini

Ndugu maofisa, wahandisi na wanafunzi, asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie ugumu wanaoupata wahandisi wa jeshi wanapowajengea raia katika nchi za watu. Wengi mnatarajia nianze na vifaa. Ni kweli, greda hukwama bandarini, spea hukosekana, saruji hulowa njiani. Lakini hayo jeshi limeyazoea. Linalolishinda ni wakati: kujenga kabla haja haijapita, na kumpata wa kuitunza kazi askari wakisharudi kwao.

Tazameni Liberia. Tarehe 16 Septemba 2014 Rais Obama alitangaza kwamba Marekani ingejenga vituo 17 vya matibabu ya Ebola, kila kimoja vitanda 100. Siku ile uamuzi ulikuwa sahihi kabisa, kwani Monrovia wagonjwa walikuwa wakifia nje ya malango ya vituo vilivyojaa. Lakini kituo cha Ebola si mahema tu. Mhudumu lazima aingie upande mmoja na kutokea mwingine, bila kurudia njia aliyopita. Kunatakiwa maji ya klorini, tanuri la kuchomea taka, na mitaro isiyotuamisha maji. Vyote hivyo vilianza kujengwa mvua zikinyesha, kwenye barabara za udongo zilizomeza malori. Vituo vilipokamilika, maambukizi yalikuwa yameshashuka, na sehemu kubwa ya sababu ni wananchi wenyewe kubadili namna ya kuuguza na kuzika. Kati ya vituo 11 vilivyojengwa na Wamarekani, 9 havikupokea hata mgonjwa mmoja wa Ebola.

Wapo wanaouita ule upotevu mtupu. Mimi siafiki. Mwezi Septemba hakuna aliyeweza kuapa kwamba Novemba hali ingekuwa nafuu. Ninachokilaumu ni mpango uliochelewa kugeuka pale ugonjwa ulipogeuka. Kinyume chake, maabara za kijeshi zinazohamishika zilifupisha kungoja majibu kutoka siku kadhaa hadi saa chache, kwa sababu ziliwafuata wagonjwa waliko.

Kuna suala la sare pia. Miongozo ya Oslo ya mwaka 1994, yaani kanuni za kimataifa za kutumia majeshi katika misaada ya maafa, inataka jeshi liitwe pale tu raia hawana uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Zahanati iliyojengwa na upande mmoja wa vita hutazamwa na upande wa pili kama ngome, na anayeumia ni muuguzi.

Haiti nitaitaja kwa ufupi, ingawa inaniuma kuliko zote. Oktoba 2010 kipindupindu kilizuka karibu na Mirebalais, upande wa chini wa mto kutoka kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ambayo maji taka yake yaliingia mtoni. Karibu watu 10,000 walikufa katika miaka iliyofuata. Umoja wa Mataifa uliomba radhi Desemba 2016. Ofisa anayekwenda kujengea wengine na hajakagua mashimo ya vyoo vya askari wake, hajawa tayari kwenda.

Sasa tuje Bentiu, Sudan Kusini, mahali ambapo kazi haijaisha. Tangu mafuriko ya 2021 mji ule umezungukwa na maji, na matuta ya udongo ya kuzuia maji ndiyo yanayookoa kambi ya watu zaidi ya 100,000 waliokimbia makwao, uwanja wa ndege na barabara. Wahandisi wa jeshi la Pakistan, chini ya Umoja wa Mataifa, wamefanya kazi kubwa pale, bega kwa bega na wakazi wenye majembe. Udongo wenyewe ni mfinyanzi mweusi: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na maji hupenya kwenye nyufa hizo. Kokoto na kifusi kizuri viko mbali. Kwa hiyo tuta haliwi limekwisha. Hukaguliwa usiku na mchana, huongezwa na kushindiliwa upya. Vikosi navyo hupokezana, na ofisa anayejua ni wapi maji yalivuja msimu uliopita huondoka na ujuzi wake kichwani.

Tangu 2015 Umoja wa Mataifa, kwa msaada wa Japani, umekuwa ukiwafundisha wanajeshi wa Afrika kuendesha mitambo mizito, na mafunzo hayo yalianzia Kenya. Nawaomba mlio na sauti kwenye mipango hii: wafundishwe pia vijana wa Bentiu kuendesha eskaveta na kupima usawa wa maji, wakati vikosi vingali pale, na kumbukumbu za kila tuta ziandikwe kwa lugha wanayoisoma wao.